Mtu Aliyemo Ndani ya Ostenaiti

Wanafunzi wa uhandisi hulikariri neno ostenaiti, jina la hali mojawapo ya feleji iliyopashwa moto sana, pasipo kutambua kwamba ndani yake limo jina la mtu. Mimi ni mwanaisimu, na maneno ya aina hii hunituma kuwatafuta wenyewe.

Mwenyewe ni Mwingereza William Chandler Roberts, aliyezaliwa mwaka 1843 na kufanya kazi Royal Mint, kiwanda cha sarafu mjini London. Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa metali na kwa pesa. Kwake yeye vitu hivyo havikuwa mbalimbali. Kila sehemu 1,000 za sarafu ya fedha zilitakiwa ziwe na 925 za fedha, zilizobaki zikiwa shaba. Taabu ni kwamba aloi hiyo haigandi sawasawa. Kipande cha ukingoni na cha katikati huweza kutofautiana kwa kiasi cha fedha, hata fungu halali likatiliwa shaka.

Roberts aliyeyusha michanganyiko ya fedha na shaba ya viwango mbalimbali, akapima joto ambalo kila mmoja huanza kuganda, na mwaka 1875 akachapisha matokeo. Fedha tupu huganda kwenye nyuzi 962 hivi za Selsiasi, na shaba 1,085. Ajabu ni kwamba mchanganyiko wa sehemu 72 za fedha na 28 za shaba hubaki majimaji hadi karibu nyuzi 780, chini ya wazazi wake wote wawili!

Baadaye aligeukia chuma na kaboni. Alibuni chombo kilichojiandikia chenyewe, kwa mwali wa mwanga juu ya bamba la picha, namna metali inavyopoa. Mchoro wake wa mwaka 1897 aliuboresha mwaka 1899. Mwaka uliofuata Mholanzi Bakhuis Roozeboom akausahihisha kwa kanuni ya awamu ya Mmarekani Gibbs. Mwalimu aweza kushawishika kumpa Roozeboom sifa yote. Mimi nisingempa. Kanuni hiyo ilihitaji vipimo vya kufanyia kazi, na vipimo hivyo vilitoka kwa mtu aliyekesha tanurini.

Mfaransa Osmond ndiye aliyeibandika feleji jina hilo kwa heshima yake, kabla hajafariki mwaka 1902. Jina la Austen lenyewe Roberts aliliongeza mwaka 1885 tu. Asingeliongeza, huenda leo wanafunzi wangekuwa wakikariri neno jingine kabisa.