Geoffrey de Havilland: Muundaji wa ndege ya mbao

Geoffrey de Havilland, mhandisi wa ndege wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1882 karibu na High Wycombe, mji uliosifika kwa mafundi wa samani.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, alipendekeza ndege ya kivita ya mbao, kwani metali ingeadimika ilhali maseremala walikuwapo. Wakuu wengi walitilia shaka wazo hilo. Hata hivyo, ndege hiyo, Mosquito, iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 25, 1940.

Kazi yote ilitegemea kalibu za zege au mahogani, zenye umbo la nusu ya kiwiliwili cha ndege. Juu yake mafundi walilaza plaiwudi nyembamba, kisha mbao nyepesi za balsa, kisha plaiwudi tena, wakazibana kwa mikanda ya chuma hadi gundi ikauke. Nyaya na mabomba yalifungwa kabla ya nusu mbili kuunganishwa mithili ya ganda la karanga. Gundi ya awali, iliyotokana na maziwa, ilidhoofishwa na unyevu, ikabadilishwa kwa ya kikemikali.

Ziliundwa zaidi ya ndege 7,700, karakana za samani za High Wycombe zikichangia sehemu zake.

Mwaka 1943 mwanawe John alifariki Mosquito mbili zilipogongana angani. Mwaka 1946 Geoffrey, kifungua mimba wake, alifariki akiijaribu ndege nyingine ya kampuni ya baba yake.

De Havilland alifariki Mei 21, 1965. Majivu yake yalitawanywa kutoka angani juu ya Seven Barrows, alikofanikiwa kuruka mwaka 1910.