Froebel: Mwasisi wa chekechea aliyefariki shule zake zikiwa marufuku

KILA asubuhi katika miji ya Afrika Mashariki, watoto wadogo huongozana na wazazi wao kwenda shule za chekechea, ambazo wengine wamezoea kuziita shule za vidudu. Huko huimba, huchora, hupanga vipande vya mbao na kucheza chini ya uangalizi wa mwalimu.

Ni wazazi wachache wanaofahamu kuwa sehemu kubwa ya utaratibu huo ina asili yake katika kazi ya Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, aliyefariki dunia mwaka 1852.

Froebel alishikilia jambo ambalo watu wa zama zake waliliona kuwa kichekesho: kwamba mtu anayetaka kufundisha watoto wadogo hana budi kuisomea kazi hiyo. Msimamo huo ulimpatia wafuasi, ukamletea dhihaka, na hatimaye aliingia kaburini huku shule zake zikiwa zimepigwa marufuku na serikali ya dola kubwa kuliko yote kaskazini mwa Ujerumani.

Utoto wa upweke

Froebel alizaliwa Aprili 21, 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, eneo la Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri mwenye majukumu mengi. Mama yake mzazi alifariki kabla mtoto huyo hajatimiza mwaka mmoja.

Baba alioa tena, lakini mama wa kambo alipopata mtoto wake mwenyewe, Friedrich alibaki mpweke nyumbani. Muda wake mwingi aliupitisha bustanini, akitazama mimea. Alipofikisha umri wa miaka 10 alichukuliwa na mjomba wake katika mji wa Stadtilm, na huko ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza malezi yenye upendo.

Akiwa na miaka 15 alipelekwa kujifunza kazi ya bwana misitu. Mwaka 1799 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena, lakini masomo hayo hayakufika mwisho. Alishindwa kulipa madeni yake, akafungwa katika mahabusu ya chuo kwa wiki kadhaa, na mwaka 1801 akarejea nyumbani mikono mitupu.

Ajikuta darasani

Mwaka 1805 Froebel alikwenda Frankfurt kwa nia ya kusomea usanifu wa majengo. Mkuu wa shule moja ya mji huo, Anton Gruner, alimshawishi ajaribu kufundisha. Hapo ndipo kijana huyo aliyekuwa amehangaika kutoka kazi moja hadi nyingine alipoitambua kazi yake.

Mwaka huohuo alisafiri hadi Yverdon, nchini Uswisi, kuiona shule ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri aliyeamini kuwa mtoto hujifunza kwanza kwa kuona na kugusa. Alirudi huko mwaka 1808 na kukaa hadi 1810. Alivutiwa na mengi, lakini aliona kuwa bado pana pengo kuhusu mtoto ambaye hajafikia umri wa kwenda shule.

Baadaye alisoma katika vyuo vikuu vya Göttingen na Berlin, ambako alichunguza maumbo ya madini. Mwaka 1813 alijiunga na jeshi la kujitolea lililopigana dhidi ya majeshi ya Napoleon. Humo alikutana na vijana wawili, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, waliokuja kuwa wasaidizi wake wakuu.

Mwaka 1816 alifungua shule yake mwenyewe katika kijiji cha Griesheim, akianza na watoto watano wa kaka zake. Mwaka uliofuata shule ilihamia Keilhau. Ilikua kwa kasi, kisha ikakumbwa na tuhuma za kuwapandikiza wanafunzi siasa za upinzani. Mkaguzi aliyetumwa aliisifu, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuwaingia wazazi na idadi ya wanafunzi ikaporomoka.

Bustani ya watoto

Froebel alirejea Uswisi mwaka 1831. Alipokuwa akiongoza kituo cha yatima cha Burgdorf, kuanzia mwaka 1835, alithibitisha alichokuwa akikihisi kwa muda mrefu: watoto wengi walifika darasani wakiwa tayari wamepoteza miaka ya thamani kubwa.

Mwaka 1837 alifungua kituo cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg. Alitengeneza vifaa alivyoviita zawadi: mipira laini ya sufu yenye rangi mbalimbali, tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao, pamoja na michemraba iliyogawanywa vipande ili mtoto aivunje na kuijenga upya. Katika mikono ya mtoto, vifaa hivyo vilikuwa masomo ya hesabu na ya maumbile ya dunia.

Mwaka 1840 kituo hicho alikipa jina la Kindergarten, neno la Kijerumani lenye maana ya bustani ya watoto. Katika bustani hiyo mtoto alikuwa mche na mwalimu alikuwa mtunza bustani, asiyeweza kuulazimisha mche ukue, bali huondoa magugu na kuumwagilia maji.

Kwa Froebel, mtunza bustani asiyeijua mimea huiharibu. Kwa sababu hiyo alianzisha mafunzo maalumu ya walimu, na wengi wa waliojiunga walikuwa wanawake vijana. Walisoma hatua za ukuaji wa mtoto, nyimbo, michezo na matumizi ya zawadi, kisha wakafanya mazoezi na watoto wenyewe.

Jambo hilo halikuwa dogo. Wakati huo milango ya vyuo vikuu vya Ujerumani ilikuwa imefungwa kwa wanawake, na ulezi ulichukuliwa kuwa kipaji cha kuzaliwa nacho. Katika mkutano wa walimu uliofanyika Rudolstadt mwaka 1848, baadhi ya wajumbe walimcheka mzee huyo aliyecheza na watoto. Hata hivyo, mkutano ulimalizika kwa kuunga mkono shule zake.

Marufuku ya 1851

Pigo kubwa lilikuja Agosti 7, 1851. Serikali ya Prusia, iliyokuwa ikiwasaka wenye mawazo ya mageuzi baada ya machafuko ya mwaka 1848, ilipiga marufuku shule hizo kwa madai kuwa zilieneza ujamaa na kuwafundisha watoto kumkana Mungu.

Msingi wa uamuzi huo ulikuwa kijitabu kilichoandikwa na mpwa wake, Karl Froebel. Wakubwa walichanganya majina ya watu hao wawili. Friedrich, mtoto wa mchungaji ambaye mafundisho yake yote aliyajenga juu ya imani, aliandika kueleza kosa hilo na akamwomba mfalme aingilie kati. Waziri wa Elimu, Karl von Raumer, hakubadili msimamo.

Mzee huyo aliendelea kufundisha walimu huko Marienthal, karibu na Bad Liebenstein, mahali ambapo amri ya Prusia haikufika. Katika majira ya machipuko ya mwaka 1852 alihudhuria mkutano wa walimu mjini Gotha, na alipoingia ukumbini wajumbe wote walisimama kwa heshima. Alifariki Juni 21 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 70.

Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Katika kipindi hicho, mfuasi wake Bertha von Marenholtz-Bülow alikuwa amekwisha kuipeleka elimu hiyo Uingereza na Ufaransa. Nchini Marekani, Margarethe Schurz alifungua shule ya aina hiyo mwaka 1856 katika mji wa Watertown, Wisconsin. Luise, mjane wa Froebel, aliendelea kufundisha walimu mjini Hamburg.

Leo elimu ya awali na ya msingi husomewa hadi ngazi ya shahada. Nchini Ireland, idara ya Chuo Kikuu cha Maynooth inayotoa shahada hiyo ina jina la Froebel, na kwa upande wa Afrika Mashariki, vyuo vikuu kama Kenyatta na Dodoma vimefundisha walimu wa fani hiyo.

Pamoja na hayo, dhihaka ya Rudolstadt haijafa kabisa. Wapo ambao hadi sasa humwona anayesomea ualimu wa chekechea kuwa amekosa fani nyingine. Jibu la Froebel limesimama juu ya kaburi lake katika kijiji cha Schweina, ambako Middendorff alimwekea jiwe la ukumbusho lenye maumbo matatu: mchemraba, mcheduara na tufe.