Tolkien na Mchezo Wake wa Lugha

J. R. R. Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Mama yake, aliyejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1900, ndiye aliyemfundisha Kilatini. Mama alipofariki mwaka 1904, Padre Francis Morgan wa Birmingham akawa mlezi wa Tolkien na mdogo wake.

Utotoni alicheza na binamu zake mchezo wa kubuni lugha. Wenzake waliuacha, yeye aliendelea, hata alipokuwa profesa Oxford, ingawa aliuonea haya. Lugha zikahitaji wasemaji, wasemaji wakahitaji historia. Ndipo hadithi zake zikakua. Lugha yake mojawapo, Quenya, aliitafsiria Baba Yetu na Salamu Maria.

Ndugu msomaji, usikizike kipaji unachokionea haya. Kisalie.