Nernst: Taa ilizimika, kauri ikabaki

Mwaka 1897 mkemia Mjerumani Walther Nernst aliunda taa ya kauri. Zirikonia iliyochanganywa na itria haipitishi umeme ikiwa baridi; ipashe moto sana, inapitisha. Kampuni ya AEG ilimlipa marki milioni moja, hela ndefu enzi hizo. Ila taa ilitaka kupashwa kwanza ndipo iwake, na balbu za waya zikaipiku.

Vita vya Kwanza vilimwua wanawe wawili. Nobeli ya mwaka 1920 ikaja nyumba ina msiba. Mabinti wawili, walioolewa na Wayahudi, wakaikimbia Ujerumani ya Hitler.

Mwaka 1937, Emil Baur na Hans Preis, Uswisi, walitumia kauri ya aina ileile kuzalisha umeme kutokana na gesi, kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi. Nernst alikuwa bado hai, amestaafu shambani kwake akifuga samaki. Alifariki 1941.