Charles Darwin na Fumbo la Matumbawe

Jina la Charles Darwin likitajwa darasani, mara wanafunzi huanza kubishana habari za nyani na binadamu. Mabishano hayo leo nayaacha kando. Nataka kuwasimulia wasomaji wetu kazi aliyoifanya baharini alipokuwa kijana, ambayo kwa maoni yangu haipewi sifa inayoistahili.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, tarehe 12 Februari, 1809. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari, lakini kijana hakuweza kuvumilia kutazama watu wakipasuliwa, maana siku hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Akahamia Cambridge. Tarehe 27 Desemba, 1831, alisafiri katika merikebu Beagle ya nahodha Robert FitzRoy, iliyotumwa kupima pwani za Amerika ya Kusini. Safari ilichukua karibu miaka mitano, naye alilewa bahari tangu mwanzo hata mwisho.

Februari, 1835, alikuwa Chile lilipotokea tetemeko kubwa. Alipofika Concepción akaona pwani imeinuka futi mbili au tatu. Katika kisiwa cha Santa María, FitzRoy alikuta kome wamekufa wangali wameshikamana na mawe, futi kumi juu ya mahali yanapofikia maji yakijaa. Basi Darwin akawaza: ikiwa nchi huinuka huku, yapasa mahali pengine iwe inadidimia.

Wasomaji wa pwani wanayajua matumbawe, mawe yaliyojenga majumba ya kale na yanayochomwa chokaa. Hujengwa na viumbe vidogo visivyostawi katika kina kirefu. Lakini katika bahari kuu viko visiwa vya matumbawe vilivyo duara kama pete, na kando yake kina hakipimiki. Je, vilianzia wapi? Charles Lyell, bingwa wa elimu ya miamba, alidhani vimekaa juu ya midomo ya volkeno zilizo chini ya bahari. Darwin akaona sivyo. Zamani palikuwa na mlima wa volkeno uliotokeza baharini, matumbawe yakauzunguka ufukoni. Mlima ukazama polepole, na viumbe vile vikazidi kujenga kwenda juu, mpaka mlima ukatoweka na pete ikabaki. Ajabu ni kwamba aliyawaza haya kabla hajaona kwa macho mwamba wa kweli wa matumbawe!

Hata hivyo hakuridhika na mawazo matupu, na hapa ndipo ninapompendea. Aprili, 1836, walifika visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi. Wakateremsha bildi iliyopakwa chini mafuta ya mnyama yaliyoganda. Mpaka pima kumi, mafuta yalirudi na alama za matumbawe hai. Kina kilipozidi, mchanga ukawa mwingi zaidi na zaidi. Yadi 2,200 tu kutoka ufukoni, kamba ya futi 7,200 haikugusa chini.

Mwaka 1837 alisoma habari hizo mbele ya wataalamu wa London, na Lyell mwenyewe akaiacha hoja yake. Kitabu kikatoka mwaka 1842. Baadaye wakazuka wapinzani, kama John Murray na Alexander Agassiz. Mwaka 1881, akiwa mzee, Darwin alimwandikia Agassiz akitamani apatikane tajiri wa kugharimia kutoboa shimo refu katika kisiwa kimojawapo. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1882.

Kati ya 1896 na 1898 Waingereza walitoboa Funafuti mpaka futi 1,114, wasikute mwamba wa volkeno. Wabishi hawakunyamaza. Mwaka 1952 Wamarekani wakatoboa Enewetak, katika visiwa vya Marshall. Baada ya futi zaidi ya 4,000 za mawe ya chokaa, keekee ikagonga mwamba wa volkeno. Wataalamu wameongeza tangu hapo kwamba kupanda na kushuka kwa bahari katika zama za barafu nako kulisaidia kuvifanya visiwa hivyo viwe vilivyo. Lakini mlima uliozama ulikuwapo, na Darwin alikuwa amekwisha kaa miaka 70 katika kaburi lake Westminster Abbey.