Paul Janssen: Daktari Aliyejifunza kwa Panya

Hapa Morogoro panya ana heshima yake. Tangu mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye wakafundishwa pia kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hutashangaa tukikuambia kwamba mojawapo ya dawa zinazotumika sana kutibu wagonjwa wa akili ilipatikana kwa kumtazama panya kwa makini. Aliyemtazama ni Dkt. Paul Janssen.

Janssen alizaliwa tarehe 12 Septemba 1926 katika mji wa Turnhout, Ubelgiji. Baba yake, Constant, alikuwa daktari. Paul akiwa bado kijana, dada yake mdogo wa miaka minne alifariki kwa kifua kikuu kilichoshambulia utando wa ubongo. Wakati huo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo. Msiba huo ulimsukuma kijana Paul kwenye udaktari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alisoma fizikia, kemia na biolojia kwa Mapadre Wajesuiti huko Namur, kisha akasomea udaktari Leuven na Ghent, akahitimu mwaka 1951. Alikuwa pia hodari wa sataranji. Alipotembelea Marekani akiwa mwanafunzi, alijipatia fedha za matumizi kwa kucheza mchezo huo.

Mwaka 1953, kwa mkopo wa faranga 50,000 kutoka kwa baba yake, alianzisha maabara yake ndogo ya kutafuta dawa mpya. Mwaka mmoja kabla, huko Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walikuwa wameonyesha kwamba klopromazini hutuliza wagonjwa wa akili waliokuwa hawatulizwi na chochote isipokuwa kufungiwa. Mlango ulikuwa umefunguka, lakini hakuna aliyejua dawa ile inafanyaje kazi.

Janssen hakuanza kwa kutafuta dawa ya akili. Alikuwa akitafuta dawa ya maumivu. Kemikali mojawapo aliyoijaribu iliwafanya panya kwanza wawe kama waliopewa mofini, kisha wakatulia kwa namna iliyofanana na ile ya klopromazini. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliwaomba wakemia wake waibadilishe, waondoe ule umofini na kubakiza utulivu. Tarehe 11 Februari 1958 mkemia Bert Hermans alipata kemikali ya namba R1625. Ndiyo tunayoiita leo haloperidoli.

Kulikuwa na jambo jingine kichwani mwake. Ubelgiji ni nchi ya mbio za baiskeli, na baadhi ya waendesha baiskeli walikuwa wakimeza amfetamini ili wasichoke. Janssen aliona kwamba waliozidisha walianza kusikia sauti, kushuku kila mtu na kuhangaika, kama wagonjwa wa skizofrenia. Akajiuliza: dawa itakayozuia amfetamini, je, haitawasaidia wagonjwa hao pia? Panya aliyepewa amfetamini nyingi hatulii. Hunusa mahali pale pale, hulamba, hutafuna kisicholiwa, tena na tena, bila kujali chakula. Akipewa haloperidoli, huacha. Sisi wa huku tunaweza kulielewa hilo kwa mirungi, kwa kuwa kathinoni iliyomo katika majani yake ni ndugu wa karibu wa amfetamini.

Mwaka 1963 Arvid Carlsson wa Sweden, kwa kuchunguza bongo za panya waliopewa klopromazini na haloperidoli, alitoa maelezo yaliyofungua njia: dawa hizi huzuia kazi ya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Amfetamini huizidisha. Ndiyo maana moja huwasha na nyingine huzima.

Lakini panya yule yule alitoa onyo. Dozi ikizidi, huganda. Ukiweka mguu wake juu ya kigingi, huuacha hapo hapo. Dopamini inayozuiwa ndiyo pia inayoongoza mwendo wa viungo. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia haloperidoli anaweza kutetemeka mikono, kukakamaa shingo au kutembea kizito. Hapo ndipo penye hatari kwetu. Familia iliyomteremsha mgonjwa wake kutoka Mgeta au Matombo hadi hospitali mjini humwona ametulia, lakini amekakamaa. Wengine husema dawa imemharibu, wengine husema amerogwa upya, na vidonge vinaachwa. Kumbe mkakamao huo una sababu inayojulikana, na daktari anaweza kupunguza dozi, kuongeza dawa ya kuutuliza au kubadilisha dawa. Kinachotakiwa ni kurudi hospitalini.

Janssen mwenyewe alisimulia habari ya kijana mmoja wa Liège, miongoni mwa wa kwanza kabisa kupewa haloperidoli mwaka 1958. Kwa dozi ndogo ya kila siku alirudi masomoni na kuishi vizuri kwa miaka. Kisha ikaonekana amepona, dawa ikasimamishwa, na ugonjwa ukarudi.

Sisi tunaosoma falsafa tunaulizwa: ikiwa kidonge kilichojaribiwa kwa panya hurudisha akili ya mtu, je, mtu ni panya tu? Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia. Alifundisha kwamba mtu si roho iliyofichwa ndani ya chombo. Ni mwili na roho pamoja, na hisi zetu tunashirikiana na wanyama. Akili hutumia picha zinazoletwa na hisi, na kiungo kikiugua, matumizi ya akili huzuiliwa. Panya anaweza kutufundisha kuhusu kiungo hicho. Kusali, kusamehe na kuahidi ni vya yule anayemeza kidonge, na kidonge humwondolea kizuizi. Kwa hiyo sala na dawa havigombani. Mgonjwa aombewe, na avimeze vidonge vyake. Kanisa huruhusu majaribio kwa wanyama kwa mipaka ya haki, kwa ajili ya kuokoa maisha ya watu, na hukataza kuwatesa bure.

Maabara ya Janssen ilitoa dawa nyingine nyingi, ikiwemo mebendazoli ya minyoo, ambayo wengi wetu tumeitafuna utotoni. Haloperidoli iliingia katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na bado imo.

Dkt. Janssen alikuwa mjumbe wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Novemba 2003 alikwenda Roma kwa maadhimisho ya miaka 400 ya taasisi hiyo, na huko akafariki tarehe 11, akiwa na miaka 77. Tumwombee pumziko la milele. Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tumwulize jirani mwenye mgonjwa wa akili kama vidonge vipo na kama tarehe ya kliniki imefika.