Serge Andolenko

Serge Andolenko (jina lake la Kirusi: Sergei Pavlovich Andolenko, 1907 - 1973) alikuwa jenerali wa Jeshi la Ufaransa na mwanahistoria wa kijeshi aliyezaliwa katika Milki ya Urusi. Anajulikana hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu beji za kifuani za jeshi la Tsar, ambacho hutumiwa na wakusanyaji wa beji na watafiti wa historia ya rejimenti za Urusi.

Maisha

Andolenko alizaliwa Volochysk, mji wa Volhynia ambao leo uko magharibi mwa Ukraine. Alikuwa bado mtoto Mapinduzi ya Urusi yalipotokea mwaka 1917. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliwafanya Warusi wengi kuhamia nchi za nje, hasa Ufaransa. Andolenko alikuwa mmoja wao. Alisoma katika chuo cha maafisa wa jeshi cha Saint-Cyr akahitimu mwaka 1926.

Alijiunga na Lejioni ya Kigeni, yaani sehemu ya Jeshi la Ufaransa inayoandikisha askari kutoka mataifa mengine. Hadi mwaka 1962 makao makuu yake yalikuwa Sidi Bel Abbès nchini Algeria. Lejioni ilikuwa imewapokea wakimbizi wengi wa Kirusi, wakiwemo maafisa wa zamani wa Tsar waliolazimika kuanza upya kama askari wa kawaida. Baadaye Andolenko aliongoza Rejimenti ya 5 ya askari wa miguu ya Lejioni, akapanda cheo hadi kuwa brigedia jenerali.

Beji za rejimenti

Desturi ya afisa wa Urusi kuvaa alama ya chuma kifuani ilianza zamani za Peter Mkuu. Maafisa wadogo wa rejimenti za Preobrazhensky na Semyonovsky walivaa kigao chenye tarehe 19 Novemba 1700. Siku hiyo jeshi la Urusi lilishindwa na Waswidi huko Narva, lakini rejimenti hizo mbili zilisimama imara. Kwa hiyo alama hiyo ya heshima ilitokana na vita ambavyo Urusi ilishindwa, na asiyejua historia yake hawezi kuisoma.

Beji maalumu kwa kila rejimenti zilienea chini ya Tsar Nikolai II, hasa katika miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Rejimenti nyingi zilikuwa zikiadhimisha miaka 100 au 200 tangu kuundwa, na beji ziliidhinishwa kwa ajili ya sherehe hizo. Nyingi zina herufi za jina la mtawala aliyeunda rejimenti pamoja na za Nikolai II, tai mwenye vichwa viwili, au miaka ya kuanzishwa na ya maadhimisho. Beji za maafisa mara nyingi zilikuwa za fedha au zilizopakwa dhahabu na enameli ya rangi. Za askari wa kawaida zilitengenezwa kwa metali ya bei nafuu. Zilifungwa kwenye koti kwa skrubu na nati.

Mnamo Desemba 1917 serikali ya Wabolsheviki ilifuta vyeo, nishani na alama zote za jeshi la zamani. Beji zikawa vitu vya kufichwa, kuuzwa au kubebwa ugenini. Katika miji kama Paris, maveterani waliunda vyama vya rejimenti zao, na baadhi ya beji zilitengenezwa upya huko.

Kazi ya uandishi

Kitabu cha Andolenko kuhusu beji kilitolewa kwa Kirusi mjini Paris mwaka 1966. Wakati huo maveterani waliozivaa beji hizo walikuwa wazee, na kumbukumbu zao zilikuwa zikitoweka pamoja nao. Toleo la Kiingereza lilifuata nchini Marekani mwaka 1972.

Kwa Kifaransa aliandika historia ya jeshi la Urusi (1967), kitabu kuhusu bendera za Urusi na za Napoleon zilizotekwa vitani (1969), na mikusanyo ya historia fupi za rejimenti za Ufaransa. Hivyo alifanya kazi ileile kwa jeshi alilolitumikia na kwa jeshi lililokwisha kuvunjwa.

Urithi

Andolenko alifariki mwaka 1973. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, hamu ya kukusanya beji za kifalme iliongezeka Urusi, na bei kubwa zilivutia waghushi. Wakusanyaji huchunguza alama ya fundi, muhuri wa fedha (mara nyingi namba 84), skrubu na enameli. Hata hivyo beji iliyotengenezwa upya na wakimbizi si lazima iwe ya kughushi, kwa sababu huenda ilivaliwa na askari wa kweli wa rejimenti hiyo. Ndiyo maana vitabu vinavyounganisha beji na historia ya rejimenti, kama cha Andolenko, bado vinahitajika.